Sikio la Kushoto na Maji Unayokunywa

Shinyanga, Jumatano jioni

Mwanangu Kabula,

Utakaposoma haya utakuwa umerudi kutoka Ibadakuli kuagana na shoga zako, na mimi nitakuwa nimekaa uani nikijifanya natengeneza baiskeli. Usinifuate kwanza. Soma mpaka mwisho. Habari za nauli, za kulifunga sanduku kwa kamba na za kumsalimu shangazi yako ukifika Mwanza, mama yako amekueleza tangu juzi, na kwa jinsi alivyozirudia hata mimi mwenye sikio moja nimezishika. Mimi nina neno moja tu, nalo nalisema mapema ili usilitafute: nyuma ya bafu, pale unapomwaga mkojo wa kopo lako la usiku, nimeona sisimizi. Si mara moja. Walikuja hivyohivyo kwangu kabla haijajulikana kuwa nina ugonjwa wa sukari. Na ugonjwa huo, kama daktari alisema kweli, ndio ulioninyang'anya sikio la kushoto. Nawe unakwenda kufanya kazi ya masikio, ukae kituo cha simu kutwa nzima ukiwaunganisha watu wanaotafutana.

Sijui kama ninachofikiri ni sawa. Hilo nalo nalisema mapema. Sisimizi huenda wanafuata ukoko anaoumwaga mama yako upande ule. Huenda ni joto kweli, kama ulivyosema. Nimelizungusha jambo hili kichwani mpaka limenichosha.

Kwa nini nimeandika badala ya kusema? Jumapili nilijaribu kusema. Ulikuwa unachota maji mtungini, kikombe hiki hakijashuka umeshika kingine, nikakuambia, "Kabula, siku hizi unakunywa maji mengi." Ukasema, "Ni joto, Baba." Nikakuambia gauni lako la kanisani limekuwa kubwa. Ukasema ni mawazo ya safari. Kisha ukainamisha uso ukasema jambo jingine, refu kidogo, kwa ile sauti yako ya chini, nami sikuambulia hata neno. Nikakuomba urudie. Ukanitazama, ukasema, "Hamna." Hiyo hamna yako inanisumbua kuliko mlio ulio sikioni mwangu. Ulikuwa unaniambia nini? Nikikutaka useme tena, itabidi upaze sauti, na ukuta wetu na wa Mama Shija ni mmoja. Mambo ya namna hii hayapigiwi kelele. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ulikuwa bwenini mwaka ule sikio lilipoziba, kwa hiyo uliyoyajua ni ya kupokezana, na nyumba hii kila mtu ana hadithi yake. Mimi nitakupa ya kwangu, ingawa sina uhakika nayo sana.

Nililala mzima. Nikaamka, upande mmoja wa dunia umenyamaza. Hakuna maumivu, hakuna usaha, hakuna aliyenipiga. Jogoo wa jirani alikuwa anawika, namsikia kulia tu. Kushoto kulikuwa na mlio, vuuu, kama mashine ya kusaga iliyo mbali, na nilipojaribu kusimama chumba kikazunguka nikashika mguu wa kitanda.

Sasa tazama akili zangu. Unajua sisi wa kinu cha pamba tunajiziba masikio kwa pamba ileile tunayoichambua, maana zile mashine zinakula kichwa. Nikajua kipande kimebaki ndani. Sikudhani, Kabula, nilijua. Mama yako akachungulia kwa tochi, hakuona kitu. Nikamwambia kimeingia ndani zaidi. Akatia mafuta ya pamba ya uvuguvugu tukangoja kielee. Hakikuelea. Kazini Luhende, yule rafiki yangu wa kwenye mizani, akasema labda si pamba ni mbegu, na kwa kuwa mvua zimeanza basi karibu nitachipua. Watu wakacheka, nami nikacheka, huku nageuza kichwa nijue nani anasema nini. Wiki ikapita hivyo, ikaja nyingine. Nilikuwa nasubiri pamba itoke kwenye sikio lisilo na pamba.

Pamba ilipokataa kutoka nikahamia Geita. Nina maana nikaanza kuamini kuwa ni Geita iliyonifanya hivi. Kabla hujazaliwa nilikuwa mgodini kule, namsaidia mpiga baruti. Tulikuwa tunatega, tunakimbilia pembeni, tunaziba masikio na kuachama midomo, na ikishalipuka kichwa kinavuma mpaka jioni. Mgodi ulipofungwa tulitawanyika kila mtu na upande wake, na wenzangu wengi hadi leo wanaongea kwa kufoka hata msibani. Nikasema, basi, baruti imenifuata. Lakini hata hilo halikukaa vizuri. Baruti ya Geita ilinyamaza miaka mingi nyuma. Itangojaje mpaka niwe kitandani kwangu Shinyanga ndipo inipige? Na kwa nini sikio moja, wakati nilikuwa nalo la pili palepale? Masikio ya wenzangu yalififia taratibu, yote mawili, mwaka hadi mwaka. La kwangu liliondoka kati ya kulala na kuamka.

Kaka yangu wa Mhunze, baba yako mkubwa, hakutaka kusikia ya pamba wala ya baruti. Alikuja hapa, akanisalimu "Mwangaluka," nikakaa kimya kwa sababu alisimama kushoto, akaona nimemdharau mbele ya mke wangu. Alipoelewa alinionea huruma kiasi cha kunichukua siku hiyohiyo kwa mfumu, mganga wa kwao. Mfumu akampasua kuku, akasoma ndani yake, akasema babu niliyerithi jina lake ananiita. Ameliziba sikio kwa walio hai ili alitumie yeye. Usicheke. Ungekuwa na mlio ule ungefikiri. Ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu anayezungumza chumba cha pili, nami nilikaa kweli nikisikiliza, kama nitashika jina au neno. Tukafanya tambiko, tukapika pombe ya mtama, tukachinja mbuzi, nikavaa shanga. Wiki ileile kizunguzungu kikaisha. Kiliisha kwa sababu gani? Daktari baadaye aliniambia kizunguzungu cha namna ile mara nyingi huisha chenyewe. Baba yako mkubwa anasema daktari hakuwepo Mhunze, atajuaje. Nimeachia hapo. Sikio lenyewe halikurudi.

Na muda wote huo, mwanangu, nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Usiku sikai ndani kwa haja ndogo, suruali inanivuka, macho yananipa ukungu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha hayo na sikio. Kiu tuliiweka kwenye vumbi la kinu. Kukonda tukasema ni mawazo. Sikio tukaliweka kwenye pamba, kisha kwenye baruti, kisha kwa babu. Kila kitu kilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa nzuri, ndiyo maana hatukuchoka kuzitafuta.

Mama yako ndiye aliyewaona sisimizi. Kwao walikuwa wanajua kuwa sisimizi hawafuati mkojo wa mtu mzima wa afya. Hakunieleza. Aliniambia tunakwenda kumwona mgonjwa hospitali, tukafika, mgonjwa ni mimi. Nilikasirika nikataka kugeuza, akasema, "Baba Kabula, ukirudi nyumbani leo utapika mwenyewe." Nikakaa kwenye foleni.

Wakachukua mkojo wangu wakautia kwenye kichupa chenye maji ya bluu, wakauchemsha motoni, mimi nikitazama. Maji yakageuka kijani, yakawa njano, yakaishia rangi ya tofali la kuchoma. Daktari, kijana mwembamba ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, akasema nina ugonjwa wa sukari na huenda nimekaa nao miaka. Nikamwambia sawa, lakini mimi kinachonisumbua ni sikio. Akaweka kalamu chini.

"Sikio limeanza lini?"

Nikamweleza yote, pamba, baruti, hata kuku. Hakunicheka. Akasema sukari ikizidi mwilini kwa muda mrefu inaharibu mishipa midogo ya damu, na ndani ya sikio kuna mishipa midogo kuliko unavyoweza kufikiri.

"Kwa hiyo ni sukari iliyoniziba?"

"Pengine."

"Pengine namna gani, Daktari?"

"Mzee wangu, siwezi kuapa. Wasio na sukari nao huzibwa hivyo ghafla, na wenye sukari wengi masikio yao ni mazima. Lakini kati ya wanaozibwa, wenye sukari tunawaona zaidi. Ungekuja siku zile za kwanza tungejaribu kitu. Siahidi kuwa lingefunguka, ila tungejaribu."

Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Nilitaka aseme ndiyo au hapana. Sisi watu wa kinu tunapima, robota lina uzito huu, tunaandika, tunafunga. Yeye alinipa pengine niibebe mpaka nyumbani, na ninayo bado. Sukari na sikio, wapi na wapi? Ningeelewa kama angesema tumbo.

Halafu yakaja ya mtaani. Nawe unazijua foleni za miaka hii, watu wanalala mlangoni mwa duka la ushirika kwa sababu wamesikia kuna sukari, na asubuhi wanaambiwa imekwisha. Katikati ya hayo mimi natangaziwa ugonjwa wa sukari. Luhende aliniuliza mbele ya watu, "Sisi hatujaiona tangu kabla ya mavuno, wewe umeila wapi mpaka ikakuuguza?" Yeye alitania. Wengine hawakutania. Ilisemwa kuwa nimeficha gunia, na jioni moja balozi wetu wa nyumba kumi alikuja, akasalimu kwa adabu zote, akaulizia afya yangu, kisha akaomba achungulie chini ya kitanda. Mama yako alimshikia taa mwenyewe. Alikuta viatu na jembe. Akaniambia nipone haraka, akaondoka na aibu yake, na mama yako hakuongea na mtu wa mtaa huu mpaka mvua zilipokatika. Nilicheka wakati ule. Siku hizi nikikumbuka sicheki sana, kwa sababu ukweli ni kwamba hata mimi niliwaza kama wao.

Nilifikiri hivi: ugonjwa ni wa sukari, sukari haipo, basi ugonjwa hauna chakula utaondoka wenyewe. Chai nilikunywa ya rangi bila kitu, nikajiona ninajitibu, na vidonge vya hospitali nikaviacha. Mfukoni nilikuwa na matobolwa. Mfuko huu matobolwa na ule michembe, natafuna kutoka nyumbani mpaka kinuni, maana kiazi kilichokaushwa na bibi yako juani si sukari, kiazi ni chakula cha nyumbani. Niliporudi kupimwa maji yalikuwa mekundu zaidi. Daktari akaniuliza ninakula nini, nami kwa fahari nikamtolea tobolwa mfukoni nimgawie. Akalitazama, akaniambia, "Mzee, hili nalo likifika tumboni linakuwa sukari." Nilimbishia. Nilimwambia nimekula matobolwa tangu nina meno. Akasema, "Ndiyo, na sasa mwili umechoka kuyapokea." Mpaka leo nikiona mama yako anayaloweka, mkono wangu unakwenda wenyewe.

Sikuelezi haya ili ujifunze kula. Utakula watakachopika kwa shangazi yako. Nakueleza ili uone jinsi mtu mwenye akili zake timamu anavyoweza kuzunguka. Mimi si mjinga, Kabula. Nilikuwa na akili za kutosha kuipa kila dalili nyumba yake, na nikakaa katikati nikishangaa kwa nini naumwa. Kila aliyenipa sababu alinipenda: Luhende, kaka yangu, mama yako na tochi yake. Nami nilizipokea zote kwa kuwa kila moja iliniruhusu kungoja kidogo.

Sasa naona nawe una sababu. Joto. Mawazo ya safari. Ni nzuri, zinafanana na zangu.

Nilimuuliza daktari juzi, nikijifanya naulizia mtoto wa mtu mwingine, kama ugonjwa huu unamwendea mtoto. Akasema wakati mwingine hutembea katika ukoo. Nikamuuliza na sikio je, nalo hutembea? Akasema hajui, akarudi kwenye pengine yake. Nilitamani kumshika shati. Kisha akaniambia kitu ambacho kimekaa kichwani: mtu akijua mapema kuwa ana sukari na akaituliza, ana nafasi nzuri ya kuyatunza macho yake, miguu yake na labda masikio yake pia. Labda. Lakini asiyejua hana hata hiyo labda.

Najua unachoogopa. Kabla hawajakupa kazi walikupima kifua, macho na masikio, na mkojo hawakuutazama. Uliporudi ulituambia jinsi walivyokuweka chumbani wakakunong'onezea kutoka mlangoni, nawe ukarudia kila neno, mama yako akakuchezea ngoma hapahapa sebuleni. Ukipimwa leo ukakutwa nao, hujui kama watakuacha ukae kwenye kile kiti. Labda ndilo ulilolisema Jumapili. Mimi pia sijui. Jana nilikuwa nimeamua kunyamaza, nikajiambia mtoto amehangaika kupata kazi, mwache aende, akifika huko watu wa mjini wataona wenyewe. Nikalala vizuri. Asubuhi nikaenda nyuma ya bafu.

Sina haki ya kukuambia kuwa unao. Nikikuambia unao, nitakuwa nimefanya kama mfumu na kuku wake. Nikikuambia huna, nitakuwa nimetia mafuta kwenye sikio tupu. Ninachoweza kusema ni kwamba nakuogopea. Sikio langu limekwenda na nimelizoea. Nimezoea kukaa kushoto kabisa kwenye benchi ili watu wote wawe kulia kwangu. Nimezoea wasichana wa mtaani kupiga magoti, shikamoo, nami napita, wanabaki wakisema Baba Kabula siku hizi anajiona. Lakini mimi riziki yangu iko mikononi. Yako itakuwa sikioni, na siwezi kuvumilia uamke siku moja kule Mwanza, mtu anasema "Haloo, haloo," nawe unachungulia kama ni pamba.

Na hata ukiwa mzima, lishike hili moja kwa maisha yako yote: sikio likiziba ghafla bila sababu unayoiona, usimngoje mtu akupe sababu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Basi ombi langu ni hili. Kesho usipande basi. La Ijumaa lipo, nimekwenda kuuliza stendi, na kazi inaanza Jumatatu. Asubuhi twende hospitali ukapimwe. Wanataka mtu afike kabla hajala wala kunywa chai. Maji yakibaki ya bluu, utaondoka Ijumaa ukinicheka njia nzima, na nitafurahi kuchekwa. Yakigeuka, bado utaondoka, kama si Ijumaa basi ukishatulizwa, nasi tutafikiri pamoja nini cha kuwaambia wakubwa wako wa kazi na kwa maneno gani. Ukiamua hapana, sitakushika mkono. Wewe ni mtu mzima, na mimi mwenyewe nililetwa hospitali kwa kudanganywa, sitaki kukufanyia hivyo.

Mama yako nimemsomea barua hii yote. Amelia kidogo, kisha akanisahihisha kuwa Mhunze hatukuchinja mbuzi bali kondoo, nami sina hakika, kwa hiyo nimeacha mbuzi. Tumekubaliana hivi: kesho asubuhi hatawasha moto mpaka akuone umetoka chumbani. Ukitoka na sanduku, atawasha, utakunywa chai na mihogo, tutakusindikiza stendi, na hakuna kati yetu atakayesema neno. Ukitoka mikono mitupu, tutakwenda hospitali wote watatu na njaa zetu. Viatu nitakuwa nimeshavaa, maana huko kote kuwili nakwenda na wewe.

Baba yako.